Mgeni Asiyebisha Hodi: Programu za Bure na Kinachofichwa Ndani Yake

Mada iliyowasilishwa kwa wakazi wa Kata ya Chumbageni, Jiji la Tanga





Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia Ngamiani, na baadhi ya wazee waliokaa mbele yangu walipata kunituma dukani nilipokuwa mdogo. Leo nimetumwa na ofisi, lakini nitasema nanyi kama mtoto wenu.

Sisi watu wa pwani tuna adabu ya mlango. Mgeni hubisha hodi, husubiri aitikiwe, na asipoitikiwa mara tatu hurudi alikotoka. Hata anayekuja kudai deni lake hubisha hodi. Mada yangu ya leo inamhusu mgeni asiyeijua adabu hiyo. Huingia katika simu na kompyuta zetu akiwa amejificha ndani ya mzigo wa mgeni mwingine, ambaye sisi wenyewe tulimkaribisha kwa furaha kwa sababu alisema hataki hata shilingi. Msemo wa mji wetu unajulikana nchi nzima: waja leo, waondoka leo. Mgeni huyu huja leo, wala haondoki.

Mgeni mwenyewe ni nani

Kila kazi tunayoifanya kwa simu janja, iwe kutuma picha, kusoma magazeti, kupiga hesabu za duka au kusikiliza kaswida, hufanywa na programu. Programu nyingi hupakuliwa bure, na nyingi kati ya hizo ni halali na zina manufaa. Sikuja kuwatisha mzitupe simu zenu. Nimekuja kuzungumza juu ya aina mbili za programu ambazo hupenda kujificha ndani ya nyingine.

Aina ya kwanza ni programu za matangazo. Kazi yake ni kukuonyesha matangazo usiyoyaomba. Unafungua simu kutazama saa, unakutana na tangazo limejaa kioo kizima, na alama ya kulifunga ni ndogo kuliko punje ya mtama. Nyingine hazionyeshi kitu. Hufungua matangazo kimyakimya na kuyabonyeza zenyewe, ili mwenye programu alipwe na watangazaji kana kwamba wewe ndiye uliyebonyeza. Bando linaisha, betri inachemka, nawe unamlaumu mwenye mtandao.

Aina ya pili ni programu jasusi. Hii hutazama na kupeleka habari: mahali ulipo, majina yaliyomo katika simu yako, ujumbe unaoupokea, picha zako, pengine hata maneno ya siri unayoyaandika. Habari hizo huuzwa, au hutumika kukuibia.

Mtu ataniuliza: anayetengeneza programu na kuigawa bure anapata faida gani? Swali hili ni jema, na laiti tungekuwa tunajiuliza kila mara kabla ya kupakua. Mtengenezaji hulipa wataalamu, hulipa mitambo, hulipa umeme. Wapo wanaofidia gharama hizo kwa uwazi: kwa matangazo machache yanayoonekana, kwa michango, au kwa kuuza huduma bora zaidi kwa wanaoitaka. Na wapo wanaozifidia kwa siri. Hao wa pili ndio wanaotuhusu leo.

Kosa langu mwenyewe

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo si la kujivunia. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, nilirudi nyumbani likizo nikamkuta mama amenunua simu janja yake ya kwanza. Akaniomba nimwekee WhatsApp ili aingie katika kundi la ukoo. Nikajiona mjuzi. Badala ya kumwekea ile iliyo rasmi, nikamrushia nakala iliyobadilishwa ambayo nilikuwa naitumia mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa na rangi za kupendeza na iliniwezesha kusoma ujumbe ambao mtumaji ameshaufuta. Ilipoomba ruhusa, nikabonyeza Nakubali kila ilipoomba. Sikusoma hata mstari mmoja.

Haukupita muda mrefu, simu ya mama ikaanza kufunguka matangazo yasiyo na heshima mbele ya wageni. Salio likawa linakatwa kidogo kidogo. Kisha siku moja akaunti yake ikafungiwa kwa muda, kwa sababu ya kutumia programu isiyo rasmi. Mama hakuelewa, alidhani bando limekwisha, akaiweka simu kando. Siku hiyo ndiyo aliyofariki shoga yake wa tangu utotoni, waliyesoma pamoja chuo cha Kurani. Taarifa ya msiba iliwekwa kundini asubuhi, na maziko yakafanyika Pangani baada ya swala ya alasiri. Mama alipata habari usiku kutoka kwa jirani.

Hakunilaumu. Alisema tu, “Mwanangu, sikumuaga mwenzangu.” Mimi nilikuwa msomi wa nyumba, na mimi ndiye niliyemfungulia mgeni mlango. Ndiyo sababu ninaposema juu ya mambo haya siwacheki walioingia mtegoni. Nilikuwamo.

Njia nne anazopitia

Njia ya kwanza ni ya kale, nayo ni kufungwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwapo programu iliyoitwa Kazaa, ambayo mamilioni ya watu duniani waliitumia kubadilishana nyimbo bure. Aliyeisakinisha katika kompyuta yake alisakinisha pia programu za matangazo zilizofungwa pamoja nayo. Mtindo huo haujafa. Unapopakua programu ya bure ya kompyuta, kwa mfano ya kubadilisha faili au ya kupakua video, huonyeshwa kurasa kadhaa, na katika kila ukurasa kuna kitufe cha Endelea. Katika ukurasa mmojawapo kuna kisanduku kidogo ambacho tayari kimewekewa alama ya vema, kando yake maneno madogo yakisema kwamba unakubali kuwekewa na programu nyingine mbili tatu. Mwenye haraka hubonyeza Endelea, Endelea, Nakubali, Maliza. Kesho yake anakuta kivinjari chake kimebadilishwa ukurasa wa kwanza, na kila anachokitafuta kinapelekwa mahali asipopajua.

Njia ya pili ni nakala zilizobadilishwa. Hizi ndizo zinazoenea kwa kasi mitaani kwetu, kwa sababu huwa tunarushiana faili kutoka simu hadi simu bila kupitia duka rasmi la programu. Mnazijua kwa majina: GB WhatsApp, FM WhatsApp, Yo WhatsApp. Hakuna hata moja iliyotengenezwa na wenye WhatsApp. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky walikuta ndani ya toleo moja la FM WhatsApp programu haribifu iitwayo Triada. Kwa kuwa watumiaji walikuwa wameiruhusu FM WhatsApp kusoma ujumbe mfupi, mgeni aliyejificha ndani yake naye aliweza kuusoma. Hivyo aliweza kumuunganisha mwenye simu na huduma za kulipia, kisha akaisoma mwenyewe namba ya uthibitisho inayotumwa na mtandao, pasipo mwenye simu kujua lolote. Mwaka 2022 watafiti hao hao walikuta toleo la Yo WhatsApp lililokuwa likiiba funguo za akaunti, yaani habari zinazomwezesha mtu mwingine kuitumia akaunti yako kana kwamba ni yake. Na toleo hilo lilikuwa likitangazwa ndani ya programu nyingine maarufu ya kupakulia video. Mgeni mmoja alimfungulia mwenzake mlango.

Njia ya tatu ni ngumu zaidi kuitambua, kwa sababu hupita ndani ya programu halali kutoka duka rasmi. Wengi wenu mmewahi kupiga picha vyeti vyenu kwa CamScanner ili kuambatisha katika maombi ya kazi. Programu hiyo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100 wakati Kaspersky walipotangaza, mwezi Agosti 2019, kwamba baadhi ya matoleo yake yalikuwa na kipande cha matangazo kilichobeba programu haribifu ndani yake. Google waliiondoa dukani, nayo ilirudishwa baadaye ilipokwisha kusafishwa. Programu nyingi za bure hazitengenezwi na mkono mmoja. Mtengenezaji huchukua vipande kutoka kwa wengine, hasa vipande vya kuonyeshea matangazo, na kipande kimoja kibovu huharibu chungu kizima. Hivyo basi duka rasmi ni salama zaidi kuliko kurushiwa faili, ila usalama wake si wa asilimia mia moja.

Njia ya nne ni ruhusa tunazozitoa wenyewe. Mwezi Desemba 2013, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba imemchukulia hatua mtengenezaji wa programu ya tochi iliyopakuliwa mara makumi ya milioni. Kazi ya tochi ni kuwasha mwanga. Tochi hiyo, pamoja na kuwasha mwanga, ilikuwa ikipeleka kwa kampuni za matangazo mahali alipo mtumiaji na alama ya utambulisho wa simu yake. Tena ilianza kupeleka habari hizo kabla mtumiaji hajabonyeza kukubali au kukataa. Hapa ndipo penye fundisho. Tochi haina haja ya kujua uko wapi. Kikokotoo hakina haja ya kusoma ujumbe wako. Mchezo wa mtoto hauna haja ya orodha ya watu unaowapigia simu. Programu ikiomba kisichohusiana na kazi yake, shaka ianzie hapo.

Simu yako imebeba amana za watu

Sasa nafika katika jambo ambalo ndilo kiini cha mada yangu.

Mara nyingi ninapotoa elimu hii, mtu mmoja husimama na kusema: “Mimi sina cha kuficha. Sina fedha benki, sina siri. Wakinichungulia wataona nini?” Naiheshimu kauli hiyo, kwa kuwa hutoka kwa mtu mwadilifu. Lakini tazameni kilichomo ndani ya simu hiyo. Mna namba ya mwalimu wa mtoto wako, ya mkweo, ya imamu au mchungaji wako, ya mweka hazina wa kikundi chenu cha vikoba. Mna picha za harusi za watu waliokuamini. Mna ujumbe wa dada yako aliyekueleza ugonjwa wake akijua utausoma peke yako. Hivyo vyote si mali yako. Ni amana. Unapobonyeza Nakubali, hujitoi wewe peke yako. Unatoa pia vya watu ambao hawakuulizwa.

Kwa wengi wetu somo hili limekuja kwa uchungu kupitia programu za mikopo ya mtandaoni. Programu ya namna hiyo hupakuliwa bure, hutoa mkopo mdogo kwa dakika chache, na haiombi dhamana ya nyumba wala baiskeli. Huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina katika simu. Mkopaji akichelewa kulipa hata siku moja, wale walio katika orodha yake huanza kupokea ujumbe: fulani ni mdaiwa sugu, fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Ujumbe huo humfikia bosi wake, jirani yake, mkwe wake. Hao hawakukopa, wala hawakukubali kuwa wadhamini. Nimewaambia kwamba hata mdai wa kwetu hubisha hodi. Huyu hupiga kelele katika nyumba za majirani mia mbili kwa wakati mmoja.

Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania iliwatangazia wananchi majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo ya kidijitali bila leseni, na ikawaasa wajiepushe nazo. Kwa majirani zetu wa Kenya, mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wengine kuwatumia ujumbe wa vitisho. Nayo Google, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake kusoma orodha ya majina na picha za mtumiaji. Ndiyo maana baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo sasa hukutumia kiungo ili upakue faili nje ya duka. Anayekwepa lango lenye mlinzi ana sababu ya kulikwepa.

Sheria inasemaje

Faragha si anasa ya matajiri. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa la jinai kuingia katika kompyuta ya mtu, au kunasa mawasiliano yake, bila idhini, na simu janja nayo ni kompyuta. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Mheshimiwa Rais tarehe 3 Aprili 2024. Chini ya sheria hiyo, anayekusanya taarifa zako anapaswa kukueleza anazikusanya kwa kusudi gani, na asizitumie kwa jambo jingine. Una haki ya kuuliza amehifadhi nini juu yako, ya kutaka makosa yasahihishwe, na ya kulalamika mbele ya Tume.

Hata hivyo niwe mkweli kwenu. Sheria hufika baada ya mwizi. Mtengenezaji wa programu haribifu anaweza kuwa nchi ya mbali, kwa jina la uongo. Ulinzi wa kwanza uko katika kidole kinachobonyeza.

La kufanya kabla ya kupakua

Kwanza, pakua kutoka duka rasmi la simu yako au kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Usikubali faili uliyorushiwa, hata kama aliyekurushia ni mtu unayempenda. Mimi nilimrushia mama yangu mzazi.

Pili, soma jina la mtengenezaji na maoni ya waliotumia, hasa wanaolalamika. Sifa zinaweza kununuliwa; malalamiko ya watu wengi yanayofanana ni vigumu kuyanunua.

Tatu, unaposakinisha programu katika kompyuta, chagua njia ya kujichagulia badala ya njia ya haraka, na uondoe alama ya vema katika kila kisanduku usichokielewa. Anayekutaka uharakishe, wewe punguza mwendo.

Nne, kwa kila ruhusa inayoombwa, jiuliza: je, kazi niliyomwitia huyu yahitaji kitu hiki? Kama haihitaji, kataa. Programu iliyo njema mara nyingi itaendelea kufanya kazi. Ikigoma, bora uikose. Angalieni kwa makini zaidi ruhusa iitwayo Ufikivu. Iliwekwa kuwasaidia watu wenye uoni hafifu na mahitaji mengine maalumu, lakini programu mbaya ikipewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kilicho katika kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako.

Tano, kama unataka kukopa, hakikisha kwanza kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na kama anataka orodha ya majina ya watu wako, huyo hatafuti dhamana, anatafuta mateka.

Dalili na tiba

Utajuaje kama mgeni ameshaingia? Dalili ni hizi: matangazo yanayotokea hata usipofungua programu yoyote; bando na betri kuisha haraka pasipo sababu; salio kukatwa kwa huduma usizozijua; programu usiyokumbuka kuiweka; na marafiki kukuuliza juu ya ujumbe ambao hukuutuma. Dalili moja peke yake yaweza kuwa uchovu wa simu. Zikikutana mbili tatu, chukua hatua.

Zima data na Wi-Fi ili kukata mawasiliano yake. Ingia katika mipangilio ya simu, sehemu ya programu, upitie orodha nzima, ukianza na zile zilizowekwa siku za karibuni kabla ya tatizo kuanza. Ondoa usizozitambua na zile ulizorushiwa. Programu ikikataa kuondoka, tazama sehemu ya wasimamizi wa kifaa. Huenda imejipa mamlaka, na ni lazima uivue kwanza. Kwa simu za Android, tumia kinga ya Play Protect iliyomo ndani ya duka la Google kukagua simu nzima, kisha usasishe mfumo wa simu. Kwa WhatsApp, futa nakala iliyobadilishwa, weka iliyo rasmi, na ufungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uondoe kifaa usichokijua.

Baada ya kusafisha, badilisha namba ya siri ya huduma ya fedha na maneno ya siri ya barua pepe. Usibadilishe kabla, maana utakuwa unabadilisha kufuli huku mwizi akiwa bado ndani anakutazama. Yote yakishindikana, hifadhi picha na majina yako mahali pengine, kisha uirejeshe simu katika hali ya kiwandani. Kama huna uzoefu, mwendee fundi unayemwamini na ukae naye hadi amalize.

Salio likikatwa kwa huduma usiyojiunga nayo, wasiliana na huduma kwa wateja ya mtandao wako, dai uondolewe, na uweke kumbukumbu ya tarehe na namba ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, lete lalamiko lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kulipokea ni wajibu wetu kwenu, wala hamtuombi hisani. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, tuma namba iliyoutuma kwenda 15040. Ukitishwa au kudhalilishwa, usiufute ujumbe huo. Ni ushahidi. Upeleke kituo cha polisi. Na kama taarifa zako au za watu wako zimetumiwa bila ridhaa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kwa ajili hiyo.

Neno kwa vijana, na neno kwa wazee

Vijana wenzangu, katika kila nyumba sisi ndio tunaoitwa: njoo uniwekee hiki, njoo uniondolee kile. Tumekabidhiwa funguo za nyumba za watu. Tusibonyeze Nakubali kwa niaba ya mtu asiyejua anakubali nini. Tumweleze kwanza. Itachukua dakika tano, na dakika hizo ni sehemu ya heshima.

Nanyi wazee wangu, msione haya kuuliza. Kijana akiichukua simu yako, muulize: umeweka nini, umekitoa wapi, na umekiruhusu nini? Maswali matatu. Asipoweza kuyajibu, mwambie akiondoe alichokiweka.

Mama yangu sasa ana WhatsApp iliyo rasmi, na kila programu inapoomba ruhusa huniita nimsomee maneno yote, hata yale madogo. Wakati mwingine tunachukua nusu saa. Wiki iliyopita mchezo wa mjukuu wake uliomba kusoma orodha ya majina. Akaniuliza, “Mchezo huu unamjua nani humo?” Nikamjibu hakuna. Akabonyeza Kataa.

Sasa nipo tayari kwa maswali yenu, na mwenye simu inayomsumbua aje nayo hapa mbele tuitazame pamoja.